Swali la lugha: Wamebishana, wamegombana au wamepigana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwandishi wa habari katika redio ya jamii huku Morogoro. Habari nyingi zinatufikia kwa Kiingereza, tunazifasiri usiku ili zisomwe kwenye taarifa ya asubuhi. Juzi mimi na mhariri wangu tulivutana kuhusu sentensi nne: “Wabunge wapigana kwa maneno kuhusu bajeti”, “Serikali yaendelea kupigana na malaria”, “Watu watatu wanagombania udiwani”, na “Mwanamume akamatwa baada ya kupigana na mkewe, ambaye amelazwa hospitali akiwa na majeraha kichwani.” Mhariri anasema zote zinaeleweka. Mimi masikio yanakataa, ila nikiulizwa kwa nini, sina la kusema. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba, dada. Masikio yako ni mazima. Chanzo cha taabu ni kwamba Kiingereza kina kitenzi kimoja, “fight”, ambacho kinatumika kwa ngumi, kwa vita, kwa ugomvi wa mume na mke, kwa juhudi za kutokomeza ugonjwa na hata kwa kampeni za uchaguzi. Mfasiri aliyechoka hukiwekea “pigana” kila kinapotokea. Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi vingi, na kila kimoja kinamwambia msikilizaji mambo mawili: watu wanachochuania ni nini, na wamefika umbali gani.

Tuanze na wabunge. Waliotupiana maneno tu hawakupigana, na kuongeza “kwa maneno” hakuwaokoi, kwa sababu msikilizaji aliyekuwa akimimina chai amesikia “wabunge wapigana” na tayari anaona viti vikiruka. Hapo una vitenzi tele. Wakisikilizana na kupeana hoja, wanajadiliana. Kila mmoja akikataa la mwenzake, wanabishana. Sauti zikipanda na hoja zikiachwa nyuma, wanazozana. Wakianza kusemana wao wenyewe badala ya kuisema bajeti, hapo wanagombana.

“Bisha” ni neno linalostahili kutazamwa kwa karibu. Mabaharia wa pwani wanalijua vizuri kuliko sisi wa nchi kavu: chombo kinachokwenda dhidi ya upepo, kikikata huku na kule ili kisonge mbele, kinakwenda bisho. Nahodha anayebisha hana chuki na upepo, anataka kufika. Ndivyo ninavyolisikia “bishana” likiwa mahali pake. Watu wanaweza kubishana barazani kutwa nzima kuhusu nani alikuwa mfungaji bora, kisha wakala pamoja. Ni kweli kwamba “mbishi” si sifa nzuri, na mtoto akiambiwa “acha ubishi” anajua ameonywa. Lakini ubishi bado uko kwenye jambo, haujahamia kwa mtu.

“Gombana” ndiyo iliyohamia kwa mtu. Waliogombana kuna kitu kimeharibika kati yao, na kitahitaji kutengenezwa. Ndiyo maana methali zetu za upatanisho zinalichagua neno hili: “Wagombanao ndio wapatanao.” Na ile nyingine: “Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune.” Weka “wakibishana” hapo uone methali inavyopwaya. Mabishano ya ndugu hayampi mtu muda hata wa kulima tuta moja.

“Lumbana” ina historia ya heshima ambayo inanisikitisha ikipotea. Malumbano yalikuwa ya washairi: mmoja anatunga, mwenzake anamjibu kwa bahari ileile, yaani aina ileile ya shairi, hadhira inasikiliza nani kamfunga mwenzake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa upande wa pili wakati Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakikataa utawala wa Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja. Kenya bado wanamwita msemaji hodari “mlumbi”. Kwetu siku hizi “malumbano” limekuwa neno la kulaumu tu, kama vile wanaolumbana ni watu wasio na kazi. Kama wabunge wako walijibizana kwa ufundi, hoja kwa hoja, waandikie “walumbana” bila woga.

Nakuonya kuhusu “teta”, kwa kuwa redio inavuka mipaka. Kwenye magazeti ya Tanzania, chini ya picha, utasoma “Waziri akiteta jambo na balozi”, yaani wananong'onezana, na hakuna anayeshtuka. Ukienda Mombasa ukasema waziri na balozi wameteta, watu watauliza wamekosania nini. Na gazeti la Nairobi likiandika “Wazazi wateta kuhusu karo”, maana yake wazazi wanalalamika. Sioni haja ya kumwita yeyote kati yao mkosaji. Ila kama habari inagusa watu wa pande mbili za mpaka, tafuta neno lingine.

Malaria sasa. Sahihi ni “kupambana na malaria”. “Pambana” inabeba wazo la kukabiliana uso kwa uso na kitu kizito, na kitu hicho si lazima kiwe na mikono ya kurudisha ngumi. Taasisi yetu ya rushwa ilipewa jina hilohilo: Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Huwezi kupigana na rushwa, haina uso wa kupigwa. Lakini usilitupe “pigana” lote, kwa sababu mtoto wake “pigania” ana kazi tukufu. Mtu anapigania haki, anapigania uhuru. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, waliokuwa wakiingia na kutoka hapo tuliwaita wapigania uhuru, na hakuna neno lingine lingewatosha. Tofauti ni nyepesi kuikumbuka: unapambana na kile usichokitaka, unapigania kile unachokitaka. Mhariri akiandika “kupigania malaria” basi ameiombea malaria ushindi.

Udiwani utanichukua muda mfupi. Watu watatu wanagombea udiwani. “Gombea” ni kutaka nafasi kwa utaratibu unaojulikana, na ndiyo iliyozaa mgombea na mgombea mwenza. “Gombania” imepitia “gombana” kwanza, kwa hiyo ina vurugu ndani yake: watoto wanagombania embe, abiria wanagombania daladala jioni. Wapo waandishi wengi wanaozichanganya, na zipo kamusi zinazozikaribisha karibu mno. Mimi naona kuzitenganisha kuna faida, kwa sababu itafika siku utataka kusema kwamba watu wa chama kimoja wameacha kugombea na wameanza kugombania, na utahitaji maneno yote mawili. “Wania” nayo inafaa, na Kenya ndiyo wanayoipenda zaidi: huko utasikia “mwaniaji” na “mgombeaji” mahali ambapo sisi tunasema “mgombea”.

Hukuuliza kuhusu michezo, lakini nakuwekea mstari mmoja kwa sababu najua utaifikia Jumamosi. Timu zinashindana, zinachuana, zinamenyana, zinavaana. Hazipigani, labda mwamuzi akipuliza filimbi na wao wakaendelea kwa ngumi. Na tofautisha “mashindano” na “ushindani”: la kwanza ni shughuli yenyewe, yenye ratiba na kombe, la pili ni ile hali ya kushindana, ndiyo maana chombo cha serikali kinachosimamia haki katika biashara kinaitwa Tume ya Ushindani, si ya Mashindano.

Nimeiacha sentensi ya nne kwa makusudi, kwa kuwa hiyo si suala la ladha. Tazama kiambishi “-ana” mwishoni mwa pigana, gombana, bishana, zozana. Kazi yake ni kusema kwamba tendo limekwenda na kurudi: wewe umenipiga, mimi nimekupiga. Unapoandika kwamba mwanamume “alipigana na mkewe”, umetamka kwamba mke naye alipiga. Umegawa lawama katikati, nusu kwa nusu, kwa silabi mbili. Lakini habari yako yenyewe inasema aliyelazwa ni mmoja, mwenye majeraha kichwani ni mmoja, na aliyekamatwa ni mmoja. Kama mke hakurudisha hata kofi, basi hawakupigana. Alipigwa. Kiswahili kina “piga”, kina “pigwa” na kina “pigana”, na hakuna mzungumzaji wa lugha hii asiyejua tofauti ya hayo matatu pale yanapomhusu yeye mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano akishtakiwa kwamba alipigana shuleni atakujibu palepale: “Sikupigana, nilipigwa.” Sielewi kwa nini sisi watu wazima tunaisahau sarufi hiyo tunapoandika habari za wanawake waliolazwa.

Jambo hilohilo linajitokeza kwenye habari za mkoa wenu. “Mapigano ya wakulima na wafugaji” yamekuwa maneno ya kukariri, yanatoka kalamuni yenyewe. Yapo mapigano ya kweli, pande zote zimeshika silaha. Lakini kundi moja likivamia kitongoji usiku na wenyeji wakakimbilia porini, huo ni uvamizi, au shambulio. Ukiuita mapigano, aliyelala amegeuzwa mpiganaji.

Mhariri wako anaweza kusema, na hapo atakuwa na hoja, kwamba redio haiwezi kumtia mtu hatiani kabla ya mahakama. Sawa kabisa. Ila kinga ya jambo hilo haimo kwenye “-ana”. Imo kwenye “anadaiwa” na “anatuhumiwa”. Ukisema “anadaiwa kumpiga”, umeiachia mahakama kazi yake, na hujamtwisha majeruhi tendo ambalo hata polisi hawamtuhumu nalo. Na ikiwa polisi wenyewe wamekuambia kwamba wote wawili walirushiana ngumi, basi andika “walipigana”, kwa sababu hapo litakuwa neno la kweli.

Kwa hiyo taarifa ya kesho isomwe hivi: “Polisi wanamshikilia mwanamume mmoja kwa tuhuma za kumpiga mkewe na kumjeruhi kichwani. Mwanamke huyo amelazwa hospitali.” Na akifikishwa mahakamani, lisikilize shtaka linaposomwa. Likiwa ni shambulio la kudhuru mwili, liandike vilevile lilivyosomwa, usilirudishe kuwa ugomvi wa wanandoa.