Gunia tano mgongoni: mpeleke kwenye mizani kabla hujamlipa

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, napakia mizigo hapa Makambako. Amekuja jamaa anayejiita mwalimu wa nguvu. Anasema hujitwika peke yake gunia tano za mahindi zilizofungwa pamoja na kutembea nazo, na ametuonyesha video akivuta Fuso kwa kamba. Mwili wake ni wa kawaida tu, kama kilo 75. Anataka tumlipe atufundishe, na wenzangu wameshaanza kuchanga. Jumamosi nami nilijaribu gunia mbili, na tangu hapo mguu wa kushoto una ganzi hadi kidole gumba. Anayosema yanawezekana?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kuanzia sasa usibebe kitu chochote kizito. Mguu wako nitaurudia.

Fuso inawezekana, na nakueleza kwa nini isikutishe. Anayevuta gari hanyanyui uzito wake. Anashinda ukinzani wa matairi tu, na kwenye lami tambarare, matairi yakiwa yamejaa upepo, ukinzani huo ni kama sehemu moja kwa mia ya uzito wa gari au pungufu. Fuso ya tani 10 inahitaji mvuto wa kama kilo 100, na zaidi kidogo wakati wa kuianzisha. Kijana mwenye miguu imara na kamba nzuri anaiweza. Tena barabara ikiinama mita moja tu katika kila mita 100, mteremko wenyewe unaifanya karibu kazi yote, na mwinamo huo jicho halionyeshi. Niambie, kutoka Makambako hadi Mbeya ni wapi utapata lami isiyoinama kabisa?

Gunia tano ni habari nyingine. Gunia la mahindi lililojaa ni kilo 100, kwa hiyo anadai kilo 500. Mwaka 2025, huko Birmingham, Uingereza, Hafþór Björnsson wa Iceland aliinua chuma cha kilo 510 kutoka chini, rekodi kubwa kuliko zote zilizotangulia. Mtu huyo ana mwili wa zaidi ya kilo 150, na alichofanya ni kusimama wima chuma kikiwa mikononi, kisha akakishusha. Hakukiweka mgongoni wala hakupiga hatua. Nguvu ya msuli hufuata unene wake, kwa hiyo mtu wa kilo 75 hawezi kujitwika mzigo huo peke yake na kutembea nao. Sisemi ni vigumu. Nasema hawezi.

Angalia pia neno analotumia. Kujitwika na kutwishwa ni vitu viwili, na ninyi wapakiaji mnajua kuliko mimi. Ukitwishwa na wenzako wawili, mzigo unakukuta umesimama na mifupa inabeba sehemu kubwa. Ukijitwika, lazima uutoe chini mwenyewe. Paul Anderson wa Marekani, bingwa wa Olimpiki ya 1956, alisifiwa kwamba mwaka 1957 aliinua kilo 2,844 kwa mgongo. Mzigo huo ulikuwa juu ya jukwaa tayari, yeye akiwa chini yake, na kazi ilikuwa kuusukuma utengane kidogo tu na vihimili. Hata hivyo, kitabu cha rekodi cha Guinness kilichoichapa rekodi hiyo, baadaye kiliiondoa, kwa sababu ushahidi haukutosha. Bingwa wa kweli kabisa aliulizwa mizani. Huyo wenu naye aulizwe.

Gunia si kipimo cha uzito. Lijaze magunzi, kwa mbali litaonekana sawa na la mahindi, na halifiki hata nusu ya uzito. Na linaweza kudanganya upande wa pili: sheria inaweka kikomo cha kilo 100, lakini lumbesa za viazi, yaani gunia zilizojazwa kupita kiasi, zinazoshuka kutoka Isyonje kule Mbeya mnazibeba zikiwa zimepita hapo sana, na hakuna anayewapigia makofi. Nimewatibu wengi wenu. Nguvu zenu nimeziona na naziheshimu, ndiyo maana inaniuma mtu akizitumia kuwachuna pesa.

Mwambieni aje ghalani. Gunia mchague ninyi, zipimwe mbele yenu, kisha ajitwike bila mkono wa mtu. Akitaja siku nyingine au gunia zake mwenyewe, rudishianeni michango.

Sasa mguu. Ganzi inayoshuka hadi kidole gumba baada ya kubeba mzigo, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni, pengine na diski (kisahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo) iliyochomoza. Nenda hospitali wiki hii upimwe, uwaeleze ulibeba nini na lini. Usikubali mtu akukanyage mgongo wala kuunyoosha kwa nguvu. Usilale kitandani siku nzima. Tembea kidogo kidogo. Lakini ganzi ikiingia sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, au mguu ukilegea, usingoje kupambazuke. Amsha mtu akupeleke usiku huohuo.