Viti 12 mpaka 107, gemu haijakuchezea rafu

Mkuu, umelalamika kwamba gemu ya Social Democracy, ya siasa za Ujerumani kabla ya Hitler kushika madaraka, ina bagi (kosa la programu) kwa sababu chama cha Hitler kinaruka ghafla toka viti 12 mpaka 107 na idadi ya wabunge inabadilika kila uchaguzi. Sio bagi, ndo ilivyokuwa kweli. Mei 1928 chama cha Hitler kilipata viti 12 tu bungeni, 2.6% ya kura, halafu Septemba 1930 kikaruka mpaka 107, kwahiyo hapo Social Democracy imefuata historia tu. Na hiyo ya idadi ya wabunge kubadilika kila uchaguzi nayo sio kosa, Ujerumani ya wakati ule chama kilikuwa kinapewa kiti kimoja kwa kila kura 60,000, hakuna mambo ya mshindi wa jimbo kama kwetu, kwahiyo wakijitokeza watu wengi bunge linavimba lenyewe, 491 mwaka 1928, 577 mwaka 1930, 608 Julai 1932. Mi nilipopigwa mara ya tatu nikakaa na daftari nikaanza kulinganisha na matokeo halisi maana nilikuwa na hasira kama zako, kumbe mwenye shida ni mimi. Serikali ya Müller, aliyekuwa chansela (mkuu wa serikali) wa Ujerumani, yenyewe ilivunjika Machi 1930 kisa kubishania kupandisha makato ya bima ya wasio na ajira, yaani kitu kidogo tu hivyo, na uchumi ndo unaporomoka.

Ila angalia, 107 ni ya historia, kwenye gemu inapanda au kushuka kutokana na ulivyocheza, usije ukainakili kutoka kwenye skrini ukaiweka kwenye asaimenti ya chuo.