Barua kwa mwanangu kuhusu Salta

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama siku tatu zinawatosha wewe na mwenzio kula na kuuona mji wa Salta, huko kaskazini mwa Argentina. Zinatosha. Kutoka hapo Buenos Aires ndege ni mwendo wa kama saa mbili, na katikati ya mji mnazunguka kwa miguu. Ila mchana wanafunga maduka wakalale, na chakula cha usiku hakiliwi kabla ya saa tatu. Nanyi laleni, ndipo mtaweza kukesha na magitaa na ngoma kwenye peña, zile kumbi za kula na muziki wa kienyeji, za mtaa wa Balcarce.

Nilishasema na nasema tena: mji haujulikani kwa macho, hujulikana kwa mdomo. Anzeni na empanada. Za Salta ni ndogo, mtu mmoja anamaliza sita. Nyama ya ng'ombe wanaikatakata kwa kisu, hawaisagi, wanachanganya na viazi, yai la kuchemsha, majani ya kitunguu na bizari nyembamba, halafu wanaoka kwenye tanuri la udongo. Ukingo umekunjwa kwa vidole, mkunjo juu ya mkunjo, hata nikamkumbuka shangazi yako na sambusa zake za Krismasi. Ukiuma, inama, mchuzi utakushukia kifuani.

Baba yako yeye alikwenda kwa ajili ya makumbusho, yale ya uwanja wa 9 de Julio. Mle wamo watoto watatu wa Wainka, watu waliotawala milima ya Andes zamani, waliotolewa mwaka 1999 kwenye kilele cha mlima Llullaillaco, mita 6,739. Walipandishwa huko wawe sadaka, yapata miaka 500 iliyopita, na baridi ikawahifadhi. Huonyeshwa mmoja mmoja kwa zamu, ndani ya kioo chenye ubaridi mkali. Mtu aliyebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka yote ile alitaka kuelewa mtoto alifikaje mita mia nane juu zaidi ya Kibo. Mimi nikakataa kuingia. Unajua kwa nini.

Nikabaki kwenye benchi chini ya michungwa na mfuko wa empanada. Alipotoka alikaa, hakula. Akasema, "Amesukwa, Mama Upendo. Vinywele vidogo vidogo, kichwa kizima. Kuna mtu alikaa naye akamsuka."

Badala ya kunyamaza nikamwambia amelipa kiingilio kutazama maiti ya mtoto wa watu. Nilimwambia hivyo, Neema. Empanada zikapoa katikati yetu. Na siku ile ya Upendo ni mimi niliyemsuka, baba yako akanishikia taa.

Wapo wenyeji wa asili wa huko waliopinga watoto wale kuwekwa watu wawatazame, na moyo wangu uko upande wao. Mtoto akishalazwa, amelazwa. Lakini baba yako asingeingia, nani angeniambia kwamba alisukwa? Nasema mji hujulikana kwa mdomo, na hilo nimelijua kwa macho yake.

Kwa hiyo mwingie au msiingie? Neno liko kwenye ulimi na ninalizuia. Kuleni kwanza, zingali moto. Mwenzio akiingia peke yake, akitoka mwache aseme.

Baba yako anawasalimu. Anauliza kama mna makoti.

Mama yako