Kabla ya kulipia injini ya boti, usiulize farasi tu

Mwenye boti akinijia kuuliza injini gani anunue, swali lake la kwanza huwa moja: ina nguvu farasi ngapi? Namwambia hilo aliweke la tatu. La kwanza ni injini inaweza kuzitoa nguvu hizo kwa saa ngapi mfululizo, na la pili ni saa ngapi kwa mwaka. Karibu kila ugomvi wa waranti nilioitwa kuuamua kama fundi hapa Tanga, toka Deep Sea hadi Kigombe, mzizi wake ulikuwa hapo, hata kama kilichovunjika ni pistoni au tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini).

Kiwanda huchukua bloku ile ile na kuiuza kwa madaraja tofauti. Cummins QSB6.7, silinda sita, lita 6.7, kwenye daraja la boti za starehe hufika farasi 550. Kwenye madaraja ya kazi nzito namba inashuka hadi karibu na nusu. Kinachobadilika ni mafuta yanayoruhusiwa kuingia, mizunguko ya injini kwa dakika, baadhi ya vifaa, na zaidi ya yote ahadi ya kiwanda. Lile daraja la starehe masharti yake ni nguvu zote saa moja tu katika kila saa nane, na jumla isizidi saa 500 kwa mwaka. Caterpillar wao hutumia herufi, A mpaka E. A ni ya kukaa kwenye mzigo kamili usiku na mchana, saa 5,000 hadi 8,000 kwa mwaka. E ni ya bwana anayetembeza wageni Jumapili: nusu saa ya nguvu zote katika kila saa sita. Kuli naye hukimbia na gunia kutoka lori hadi mlangoni, lakini humwambii akimbie nalo mpaka Pongwe.

Sasa piga hesabu ya boti ya ringi neti, ile inayovuta samaki kwa taa na kuwazungushia wavu. Boti hutoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka inalala. Tuseme usiku 20 kwa mwezi, injini inanguruma saa sita kila usiku. Hizo ni saa 120 kwa mwezi. Mwezi wa tano ukianza tu, saa 500 zimekwisha, na mwaka haujafika hata nusu. Boti ya mizigo ya kwenda Wete ndiyo usiseme. Halafu soma waranti yenyewe, siyo karatasi ya matangazo: miaka miwili mara nyingi huandamana na kikomo cha saa, na kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Nyingine zinasema wazi kuwa ni kwa matumizi binafsi. Ukibeba samaki wa kuuza, umeshatoka nje ya mlango.

Wauzaji hawakwambii haya, kwa sababu injini ya daraja la starehe ni nyepesi na farasi wake ni wa bei nafuu. Anayetoka Dar es Salaam kuja kuuza ndiye hasa waja leo waondoka leo.

Mteja wangu mmoja pistoni iliyeyuka kichwani kabla waranti haijaisha. Wakala akajibu kwa barua: injini imetumikishwa kupita daraja lake. Kwa injini ile, alikuwa anasema kweli. Kilichotuokoa ni karatasi ya bei aliyoitoa wakala mwenyewe kabla ya mauzo. Humo muuzaji alikuwa ameandika urefu wa boti, uzito wake, na maneno "boti ya uvuvi". Aliyeichagua injini, kwa hiyo, ni yeye, huku akijua kazi yake. Mazungumzo yakageuka hapo hapo. Wakala akatoa vipuri, mwenye boti akalipa ufundi na gharama za kuipandisha boti nchi kavu. Si haki kamili, lakini mtu alirudi baharini.

Ndiyo maana nasisitiza: unapokwenda kununua, usitaje jina la injini kwanza. Taja kazi. Sema boti ni ya nini, inabeba tani ngapi, inakwenda saa ngapi kwa usiku, kisha udai yote hayo yaandikwe kwenye karatasi ya bei pamoja na daraja la injini, na muhuri ugongwe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akategemea ujuzi wake, lakini maneno ya mdomo utayathibitishaje? Malalamiko ya mlaji yana pia mlango wa Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mimi napenda watu wamalizane mezani kabla ya huko, maana boti iliyofungwa ukutani haileti samaki.

Nije kwenye propela, na hapa nitawaudhi wenye boti. Injini iliyoandikwa mizunguko 2,600, ukivuta mafuta hadi mwisho boti ikiwa imesheheni, lazima ifike 2,600 au ipite kidogo. Ikigota 2,350, propela ni kubwa mno. Moshi mweusi, joto la ekzosti linapanda, na pistoni inaungua taratibu. Watu wengi huweka propela kubwa makusudi ili boti ikimbie kwa mizunguko midogo, wakidhani wanaipumzisha injini. Wanaiua. Jaribio la siku ya kukabidhiwa hufanywa boti ikiwa tupu, tangi nusu, chini pamesafishwa. Dai lirudiwe ukiwa na barafu, nyavu na wavuvi wote ndani, namba ziandikwe na mtu wa wakala asaini. Asaini pia kwamba amekagua bomba la moshi, kwa sababu maji ya chumvi yakirudi kwenye silinda kupitia bomba lililofungwa chini mno, kiwanda humtupia mpira fundi aliyefunga.

Propela ikiwa ya saizi yake, kupunguza mafuta kidogo kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa propela, mzigo hufuata mizunguko iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu (0.9 × 0.9 × 0.9): ukishuka kutoka 2,600 hadi 2,340, yaani asilimia 10, injini inabeba karibu asilimia 73 tu ya mzigo wa mwanzo. Mwambie nahodha wako hivyo, ataelewa akiona na dizeli iliyobaki.

Injini ikifa ndani ya waranti, usiifungue. Najua wavuvi wanasubiri na fundi ana spana mkononi, lakini hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikishanyanyuliwa bila mtu wa wakala kuwepo, ushahidi wako umekwisha. Piga picha mita ya saa na kibati cha injini chenye namba zake. Chukua oili kidogo kwenye chupa safi, na usitupe filta zilizotolewa. Andika ujumbe, usipige simu tu. Injini za kisasa zenye kompyuta hutunza kumbukumbu ya saa zilizotumika kwenye kila mzigo. Wakala atakuja na laptopu yake kuisoma. Kaa naye wakati anasoma, na udai nakala siku hiyo hiyo kabla hajapanda basi.