Eksirei Safi, Vidole Havikunjiki

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Eksirei ya mikono imetoka safi, nimeambiwa sina kitu, ila asubuhi siwezi kufunga vifungo vya blauzi." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka sita iliyopita, na bado yananiuma.

Nilirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Miezi minane nikaamini najidekeza. Vidole vilikuwa vigumu zaidi ya saa nzima kila nilipoamka, pete ikagoma kutoka, nami najiambia picha ni safi. Na kweli ilikuwa safi, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa. Ugonjwa wangu, baridi yabisi, huanzia kwenye utando laini uliofunika kiungo kwa ndani. Utando huo huvimba, maji hujaa, mfupa huja kulika baadaye.

Daktari wa viungo niliyempata mwishoni alinipaka jeli, akapitisha kichwa cha ultrasaundi polepole, karibu hakigusi ngozi. Nikauliza mbona habonyezi. Akasema akibonyeza, vijishipa vya damu vinabanwa na dalili inapotea. Kisha akawasha Dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea. Kwenye kifundo cha kidole cha shahada, ndani ya ule utando uliovimba, vikatokea vidoa vyekundu vikichezacheza kufuata mapigo ya moyo wangu. Akaupa uvimbe ule alama 2 kati ya 3, ambapo 3 ndiyo mbaya zaidi. Nililia pale pale kitandani. Hatimaye mtu ameona ninachokisikia! Akasogeza kidogo, akanionyesha kishimo kwenye ukingo wa mfupa. Hicho ninacho mpaka leo.

Basi, dada yangu, usikubali eksirei peke yake ifunge jalada lako. Omba ultrasaundi yenye Dopla, ya mikono na miguu pia, maana vidole vya miguu husahaulika na mara nyingi mfupa huanza kulika huko. Mweleze anayekupima kama umemeza steroidi au dawa za kupunguza uvimbe. Zinaweza kuficha ugonjwa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona hata uvimbe ulioingia ndani ya mfupa wenyewe, jambo linaloashiria kwamba mfupa uko hatarini kulika, ila si kila mgonjwa anaihitaji. Narudia: usikubali eksirei peke yake. Mwili ni wako, maumivu ni yako, sema!

Ukishaanza dawa, tulia. Mimi nilidai ultrasaundi kila kliniki, kwa woga. Utafiti wa ARCTIC wa Norwe, uliochapishwa 2016, haukuona wagonjwa waliofuatiliwa kwa ultrasaundi kila mara wakipata nafuu kuliko waliofuatiliwa kwa karibu na daktari bila mashine hiyo. Siku hizi naomba pale tu mimi na daktari tunapopishana kuhusu kiungo fulani.

Kesho ukiamka, kabla vidole havijalegea, upige picha mkono wako kwa simu, uandike ni saa ngapi umeweza kufunga kile kifungo. Nenda navyo vyote viwili kwa daktari.