Nyie mnaoanza chuo, ofisi ya ujumuishi msiisubiri mpaka mwaka wa tatu kama mimi

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza, wiki hii ya kwanza mtapewa vipeperushi mpaka mchoke, na katikati ya hayo makaratasi kuna kimoja cha ile ofisi ya ujumuishi, yaani ya kusaidia mwenye ulemavu, ugonjwa au suala la ibada asome sawa na wenzake, kila chuo kinaiita jina lake, kwingine ni kitengo cha mahitaji maalumu, kwingine iko chini ya mlezi wa wanafunzi, kwingine wameichanganya na dawati la jinsia humo humo. Mimi changu nilikunja nikaweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Nimekuja kukisoma mwaka wa tatu, na hiyo ndo sababu ya kuandika yote haya.

Nina sikio moja bovu, la kushoto, tangu mtoto. Halijawahi kuniua kwa hiyo sikuwahi kuliita ulemavu, nilikuwa na mbinu zangu tu, nawahi darasani kabla ya wenzangu nakaa upande wa kushoto kule mbele ili sikio zima ndo lielekee kwa mwalimu, nikichelewa nimekwisha, natoka na nusu ya somo na nusu nyingine naibia kwenye daftari la jirani. Kazi za kikundi ndo usiseme, watu sita wanaongea kwa pamoja kwenye chumba chenye mwangwi, mimi natikisa kichwa tu kama nimeelewa. Kichwani kwangu ile ofisi ilikuwa ya watu "wenye ulemavu kweli", yule wa kiti mwendo, yule wa fimbo nyeupe, nikienda mimi nitaonekana natafuta vya bure.

Sasa tarehe 23 Septemba, siku ya kimataifa ya lugha za alama, rafiki yangu akanivuta kwenye shughuli yao, nikaenda kwa vile sikuwa na kipindi. Mama mmoja wa ile ofisi akakaa kushoto kwangu akaanza kunisemesha, akaona nageuza shingo nzima kila akiongea, hakuuliza mengi, akaniambia tu kesho saa nne uje. Nikaenda. Ndani ya wiki mbili nilikuwa na kiti changu kwenye kila darasa, ruhusa ya maandishi ya kurekodi vipindi, na waalimu wametumiwa barua ya kutumia maiki na kutuma slaidi mapema. Miaka miwili nimehangaika na kitu kilichokuwa na dawa ya wiki mbili. Nililia kidogo, sio siri.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, shughuli ni dirisha tu, mzigo wenyewe uko ofisini. Mabango, ngoma, picha ya pamoja na mgeni rasmi, vyote vizuri, lakini ukirudi bwenini na fulana tu ujue umeacha kitu. Kwenye shughuli tafuta yule mtu anayefanya kazi pale ofisini kila siku, sio yule anayetoa hotuba, muulize mlango ni upi na uje na karatasi gani. Na usidhani ni ya ulemavu wa kuonekana peke yake, kuna disleksia (ule ugumu wa kusoma na kuandika), kuna kifafa, kuna kisukari cha kuchoma sindano katikati ya mtihani, kuna msongo wa mawazo uliofika hospitali, kuna mama anayenyonyesha, wote hao wana cha kuuliza.

Nenda mapema, hili nalirudia kwa sababu ndo linawaumiza wengi. Watu wanakwenda wiki ya mitihani, na wiki ya mitihani hakuna mtu anaweza kukupangia chumba cha peke yako wala msimamizi wa ziada, ratiba imeshatoka. Karatasi ya daktari nayo ina foleni yake, kuna wanaosubiri miezi. Muda wa ziada unaotolewa sehemu nyingi ni robo, yaani mtihani wa saa 3 unaongezewa dakika 45, na dakika 45 kwa mtu ambaye herufi zinamchezea machoni ni nyingi sana jamani. Kabla ya kusaini fomu uliza nani ataona nini. Mwalimu anatakiwa ajue unahitaji kukaa mbele, jina la ugonjwa wako halimhusu.

Wenye masuala ya ibada ni hivyo hivyo. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hiyo kuna miaka inaangukia mitihani, Wasabato wanajua ya mtihani wa Jumamosi. Hilo linaongelewa semista ikianza, sio Ijumaa jioni.

Mtu akikwambia unapendelewa, mwambie kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24 inataja mpaka elimu ya juu na kwamba lazima yafanywe marekebisho yanayofaa. Nchi nyingi mno zimeuridhia. Ukiijua hiyo ibara huombi kwa kuinama, unaomba umesimama. Ila usiende nayo kama rungu siku ya kwanza, waalimu wengi ni watu wazuri tu ambao hawajui, na ukimweleza kwa adabu anafanya.

Kingine nilichokuja kujua baadaye ni kwamba hizi huduma hazikudondoka zenyewe. Ed Roberts aliingia chuo kikuu cha Berkeley, California mwaka 1962 akiwa amepooza kwa polio, usiku anapumua kwa mashine kubwa ya chuma ambayo haikuweza kukaa kwenye bweni la kawaida, ikabidi alazwe, yaani aishi, kwenye hospitali ya chuo. Wakaja na wengine wakakaa naye pale, na kufika 1970 wanafunzi hao hao ndo walisukuma mpaka ikaanzishwa programu ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, ya kuwatafutia wasaidizi na vyumba na mafundi wa kutengeneza viti vyao. Wanafunzi hao, sio kamati ya wakubwa. Ndo maana nawaambia mkiweza mjitolee hata semista moja kwenye kuandaa.

Mimi nilijitolea, na shughuli yangu ya kwanza ilikuwa ya 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu. Nilipanga kila kitu, viti, spika, maji, ratiba imechapwa kwa rangi. Ukumbi uko ghorofa ya pili. Lifti mbovu. Mzungumzaji wetu mkuu anatumia kiti mwendo. Vijana wakajitolea kumbeba, akakataa kwa upole kabisa, akasema yeye atatusubiri hapa hapa chini, na alikuwa na haki maana nani anataka kubebwa kama gunia mbele ya watu 200 aliokuja kuwafundisha. Tukashusha viti vyote uwanjani, tukaanza tumechelewa saa nzima, jua linawaka. Tangu siku hiyo naanza na ngazi, mambo ya rangi za ratiba baadaye.

Mengine niliyojifunza kwa kukosea: wakalimani wa lugha ya alama huwa wawili, wanapokezana kila kama dakika 20 maana ile kazi inachosha mikono na akili, ukiita mmoja kwa saa tatu unamtesa na viziwi wanakosa nusu ya mambo. Maiki itumike hata kama mtu ana sauti ya radi, wale wa "mimi sihitaji maiki" ndo maadui zangu wakubwa. Na ukialika kundi fulani waite kwenye kupanga, sio kwenye kupigiwa makofi.

Kwa wale ambao hamna tatizo lolote (kwa sasa, maana ukiteguka mguu utaitafuta lifti), nendeni kwenye shughuli moja isiyo yenu. 21 Februari siku ya lugha mama, 21 Machi ya kupinga ubaguzi wa rangi, chagua moja, kaa nyuma, sikiliza, usishike maiki kutoa ushuhuda wa rafiki yako.

Na ukiwa na mwenzako asiyeona usimtumie notsi ulizopiga picha ukazigeuza PDF, programu ya kusoma skrini inaiona ile ni picha tu, haina neno hata moja la kumsomea. Jaribu kuuwekea kidole msitari mmoja uuchague kama unataka kunakili, ukigoma kuchagulika basi na yeye hatausikia. Mojawapo ya hizo programu inaitwa NVDA, ni ya bure, ipakue kwenye kompyuta yako, fumba macho dakika kumi usikilize notsi zako mwenyewe uone kama zinaeleweka, mimi zangu zilisoma "picha, picha, picha" mpaka mwisho.