Kabla hujamwita mwenzako haka

Nilikuwa nimejibanza ghorofa ya pili, nyuma ya ukuta usio na dirisha, kimya kabisa. Sikuwa nimefyatua risasi hata moja. Jamaa mmoja akatokea upande wa pili wa jengo, akapanda ngazi mbio bila kuchungulia chumba chochote, akakata kona akiwa ameshalenga kichwa changu. Kwisha.

Gemu lile huwa linakuonyesha marudio ya kifo chako kwa macho ya aliyekuua, basi nikatazama. Tangu jamaa akiwa nje barabarani, alama yake ya kulengea ilikuwa imeganda kwenye ukuta, palepale kichwa changu kilipo. Nilipoinama, nayo ikainama.

Siku hiyo nilichezewa rafu, hilo silitilii shaka mpaka leo. Kilichonigharimu zaidi ni miezi iliyofuata, kwa sababu jamaa yule nilianza kumwona kila mahali.

Mimi ni fundi wa simu hapa Nakuru. Nikifunga kibanda jioni, nikishakula, naingia kwenye gemu za kupigana risasi na wenzangu watatu: mmoja ni wa boda, mmoja anasoma Njoro, mwingine ni shemeji yangu aliyehamia Kisumu. Hatuko kwenye mashindano makubwa. Tunacheza kucheka na kutukanana kidogo kabla ya kulala.

Sisi humwita kila mwenye kuiba kwenye gemu "haka", yaani hacker, kana kwamba amevunja mlango wa kampuni na kuingia ndani. Mara nyingi hajavunja chochote. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha gemu, huitumia simu yako habari za mahali walipo maadui walio karibu, pamoja na wale usiowaona, ili wakitokeza wachorwe papo hapo bila kukwama. Simu yako inajua alipo adui, ila haikuonyeshi. Programu ya wizi inachungulia kumbukumbu ya simu na kukuchorea visanduku vyekundu nyuma ya kuta. Nyingine inakushikia mkono kabisa na kukulengea. Ndiyo maana Valorant, gemu la kompyuta lililotoka mwaka 2020, lilipita njia nyingine: seva yake huficha mahali adui alipo mpaka akaribie kuonekana. Kisichotumwa huwezi kukichungulia. Gemu hilohilo lina mlinzi, yaani programu ya kunasa wezi, anayewaka pamoja na kompyuta kabla hujafungua chochote, na mimi kama fundi mlinzi wa namna hiyo hanifurahishi sana, lakini naelewa alivyofika hapo.

Na bado watu hujaribu. Mwaka 2018 huko Shanghai, mchezaji wa timu ya OpTic India alinaswa katikati ya mashindano ya Counter-Strike, gemu jingine la kupigana risasi. Programu yake ya wizi alikuwa ameipa jina la word.exe, eti ya kuandikia barua. Timu nzima ilivunjwa. Kila nikikumbuka kisa hicho nawafikiria wale wenzake, wamekaa kando yake na kompyuta zao, wanacheza.

Sasa nirudi kwangu. Zamani nikiuawa nilikuwa najiuliza nimekosea wapi: nilikimbia uwanjani, nilikaa dirishani sana. Baada ya yule wa ghorofani swali hilo lilikufa. Kila aliyenipiga alikuwa haka. Nikawa sijifunzi kitu, na kwa vile sijifunzi nikawa napigwa zaidi, na kwa vile napigwa zaidi nikaona mahaka wameongezeka. Jamaa wa boda akaniambia, "Kaka, kucheza na wewe siku hizi ni kama kukaa kortini kutwa." Akaanza kuingia mapema na kutoka kabla sijafika.

Mwezi wa Mei 2024 ndio nilipagawa. Tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Seva tunazochezea haziko Nakuru wala Nairobi, ziko ng'ambo, kwa hiyo kila hatua yako lazima ivuke bahari na kurudi. Watu walikuwa wanaruka kwenye skrini kama panzi, mimi napiga kelele, "Haka! Haka huyo!" Wala haihitaji waya ukatike. Hata siku ya kawaida, ukiingia nyuma ya ukuta, kwenye simu ya adui bado hujafika, uko nje. Anapiga, seva inakubali, wewe unaona umeuawa ukiwa umeshajificha. Hakuna aliyekuibia. Ni umbali tu.

Desemba ya mwaka huo tukaandaa kashindano ketu hapo Free Area, watu 16, kiingilio shilingi 100, simu zote kwenye Wi-Fi moja. Kulikuwa na binti wa jirani aliyekuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne. Akaniua mara tatu, na kila mara alikuja moja kwa moja nilipo. Mara ya tatu nikasimama, mtu mzima na ndevu zangu, nikasema mbele ya wote kwamba simu ya huyu ikaguliwe.

Hakubisha. Alininyoshea mkono. "Shika, fundi. Angalia."

Nikaishika. Ilikuwa na ufa kwenye pembe ya chini ambao mimi mwenyewe niliujua, maana kioo kile nilikibadilisha mimi. Nikapekua programu zote, ruhusa zote, faili zilizopakuliwa. Maswali ya KCSE, picha za kanisani, basi. Spika zake za masikioni zilikuwa za bei ya kawaida, upande mmoja umefungwa selotepu.

"Nasikia hatua zako," akasema. "Hutulii."

Mimi nilikuwa nacheza sauti imefungwa, mazoea ya nyumba yenye mtoto mchanga. Hata sikuwahi kufikiri kwamba gemu lina kitu cha kusikiliza. Binti alimaliza, akashinda, akachukua pesa yake na hajawahi kurudi kucheza nasi. Niliomba msamaha kupitia kwa mama yake. Jibu likaja: "Amesema ni sawa." Kuna namna mama anaweza kusema "ni sawa" ukatamani angekutukana.

Kwa hiyo ninachokuambia nimekilipia. Tazama marudio kabla hujafungua mdomo, na usitazame risasi moja nzuri, kwa sababu hata kipofu hulenga siku moja. Tazama alama ya kulengea kabla ya risasi. Je, inamfuata mtu kupitia ukuta, na inafanya hivyo tena kwa mwingine? Ukiona hivyo, ripoti ndani ya gemu lenyewe, halafu nyamaza. Usimtangaze kwenye grupu la WhatsApp. Kama mechi mbili mfululizo zimekuchoma roho, zima simu ukalale. Mimi ya tatu siichezi tena, na ni mke wangu aliyeona tofauti kwanza.

Na wewe unayewaza, "Basi na mimi nitafute hiyo programu tuwe sawa," njoo ukae kibandani kwangu wiki moja. Faili la APK, lile la kuwekea programu kwenye simu ya Android, linatoka kwenye chaneli ya Telegram kwa mtu usiyejua hata jina lake. Linakuomba ruhusa ya Ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo inaiwezesha programu kusoma skrini yako na kukubonyezea vitu. Likishaipata, linaomba kusoma SMS. Simu hiyohiyo ina laini yako ya M-Pesa na programu ya benki. Kijana mmoja aliniletea yake: "Fundi, inajiwasha usiku na kufungua vitu." Nikamuuliza ameweka nini. Akaangalia viatu vyake. Ilibidi nifute kila kitu, picha za marehemu nyanya yake zikiwemo, kwani hakuwa amezihifadhi popote. Na akaunti ya gemu, yenye nguo na bunduki alizonunua kwa pesa za kibarua cha likizo, ilikuwa imeshafungwa moja kwa moja. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuwashtaki wanaotengeneza na kusambaza programu hizi. Nadhani walichoka kuona mzigo ukimwangukia aliyenunua peke yake.

Jamaa wa boda amerudi. Nami nilinunua spika za masikioni, za shilingi 250, na mwezi wa kwanza nilikuwa nashtuka kwa kila kishindo.

Juzi nimeuawa tena nyuma ya ukuta usio na dirisha. Vidole vikaniwasha kuandika, nikavizuia, nikatazama marudio. Alama ya yule jamaa ilikuwa chini, inazungukazunguka sakafuni, mtu anatafuta tu. Halafu ikasimama, ikainuka taratibu kuelekea upande wangu. Ndiyo sekunde niliyokuwa najaza risasi, na ile klaki ya bunduki aliisikia.